Maneno Madogo ya Kiingereza

Mvulana mmoja wa upande wa Kabambare alikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Likizo ilipofika alirudi kwao kijijini. Jirani yao alikuwa mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa. Mama huyo alikuwa amenunua chupa ya dawa sokoni, kwa mchuuzi aliyevuka ziwa Tanganyika na kurudi na bidhaa za Kigoma. Juu ya chupa palibandikwa karatasi, na maandiko yake yalikuwa ya Kiingereza matupu.

"Mwanangu," mama akamwambia, "wewe umesoma. Nisomee."

"Ndiyo, mama," akajibu, akaipokea chupa kwa mikono miwili.

Karatasi ilisema: NOT TO BE TAKEN. FOR EXTERNAL USE ONLY.

Mvulana akatazama sana. Aliona neno "external", akakumbuka "externe" ya Kifaransa, yaani ya nje. Aliona "use", akakumbuka "usage", yaani matumizi. Neno "taken" alilijua pia, maana mwalimu wake alikuwa amewaandikia ubaoni kwamba "take" ni "prendre", na dawa kwa Kifaransa hunenwa hivyo: mtu "anachukua" dawa, maana yake anakunywa. Maneno mengine yalikuwa mafupi mno. Aliyaruka, kama mtu arukavyo vijiti njiani.

"Mama," akasema, "dawa hii hunywewa nje. Si ndani ya nyumba."

Mama alishangaa kidogo, lakini nani atabishana na mtu aliyesoma? Akambeba mtoto mpaka uani, akamimina kijiko kimoja. Kwa bahati njema muuguzi wa dispensari alikuwa anapita na baisikeli yake.

"Mama, ngoja kwanza! Hiyo ni ya kusugua kifuani. Ikiingia tumboni ni sumu."

Mama akamwaga kijiko chini. Mvulana hakusema neno. Aliingia nyumbani na hakuonekana mpaka jioni.

Mvulana yule hakuwa mjinga. Maneno makubwa yote aliyafahamu sawasawa. Kilichomshinda ni "not" na "only". "Not" ni "si", na "only" ni "tu". Weka hayo mawili mahali pake, utapata maana kamili: dawa hii isinywewe, ni ya nje ya mwili tu. Yaondoe, utapata sumu kwenye kijiko. Kwa nini mtoto mwenye akili ajue neno refu na asijue neno fupi? Kuna sababu, na sababu hiyo ni ya zamani sana.

Mwaka 1066 mtawala wa Normandie, katika nchi ya Ufaransa, jina lake William, alivuka bahari na askari zake. Mwezi wa kumi, tarehe 14, alipigana na mfalme wa Waingereza karibu na mji wa Hastings, akamshinda. Tangu hapo wakubwa wa Uingereza walikuwa watu wa kusema Kifaransa. Mfalme alisema Kifaransa, mahakimu walisema Kifaransa, wenye mashamba makubwa vilevile. Mkulima, mchungaji wa kondoo, mwanamke akitwanga nafaka yake, hao walibaki na lugha yao ya zamani. Mambo yalikwenda hivyo muda wa miaka 300 hivi. Katika mwaka 1362 tu ilitoka sheria kwamba mashauri ya barazani yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakufahamu walilohukumiwa.

Alama ya mambo hayo ingali katika lugha mpaka leo. Mfano mzuri ni wanyama. Ng'ombe akiwa hai malishoni, Mwingereza humwita "ox"; nyama yake ikiwa mezani, huiita "beef". Sikiliza vizuri: "beef" ni "bœuf". Kondoo hai ni "sheep", nyama yake ni "mutton", na "mutton" ni "mouton". Nguruwe hai ni "pig", nyama yake ni "pork", na hilo ni "porc". Aliyechunga mnyama alisema Kiingereza, aliyemla alisema Kifaransa! Mbuzi peke yake ndiye aliyeponyoka. Yeye ni "goat" malishoni na "goat" sahanini. Labda mabwana wale hawakumpenda, wala hawakujua wanachokosa.

Sisi watu wa Maniema hatuna haja ya kushangaa. Lugha yetu nayo ina mapito yake. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake, na Waungwana waliomfuata walileta Kiswahili cha pwani na Tabora. Ndani ya Kiswahili hicho mlikuwa na maneno ya Waarabu: kitabu, kalamu, sheria, hakimu, bei. Lakini moto, maji, mkono, jicho na mama havikubadilika, ni maneno ya Kibantu. Mtoto wa Kabambare anayesema Kibangubangu na nyanya yake huweza kuonja ujamaa wa maneno hayo bila kufundishwa. Tena Kiswahili kilikwenda mbali kuliko Kiingereza, maana hata "lakini", "kabla" na "bila" tumezipata kwa Waarabu. Waingereza walikubali maneno makubwa ya wageni, lakini yale madogo waliyashika yao wenyewe.

Basi, mtoto wa Kongo aliyesoma Kifaransa miaka kadhaa, akifika sekondari na kukuta somo la Kiingereza, haanzi na mikono mitupu. Chukua maneno ya kanisa tu: mission, confession, procession, communion. Yaandike kwa Kifaransa, kisha yaandike kwa Kiingereza: hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Vilevile question, attention, station na nation. Matamshi ndiyo yanayogeuka. Mwingereza akisema "nation" utasikia kama "neishen", na wengi hulisikia mara ya kwanza wasilitambue. Kwa hiyo neno lisome kwa macho, tena lisikie kwa masikio. Anayejua kwa macho peke yake atakuwa bubu sokoni Kigoma.

Kuna njia nyingine tatu za kuvuka kutoka Kifaransa, na watoto huzipenda kwa sababu ni kama mchezo.

Maneno ya Kifaransa yanayoishia na "té" mara nyingi huishia na "ty" kwa Kiingereza. Liberté ni liberty. Charité ni charity. Université ni university. Trinité, yaani Utatu Mtakatifu, ni Trinity.

Njia ya pili ni kofia. Umeona kofia ndogo juu ya herufi katika maneno kama forêt na hôpital? Mara nyingi chini ya kofia hiyo imezikwa herufi "s". Wafaransa wa zamani waliitamka, halafu wakaiacha, wakaweka kofia iwe kama msalaba juu ya kaburi. Waingereza waliazima maneno hayo "s" ikiwa ingali hai, wakaishika. Vua kofia, rudisha "s", utaona: forêt inakuwa forest, hôpital inakuwa hospital, bête inakuwa beast, fête inakuwa feast, côte inakuwa coast.

Njia ya tatu ni "é" ya mwanzo. Iondoe, weka "s". École inasogea karibu na school, état inakuwa state, étudier inakuwa study, éponge inakuwa sponge, étrange inakuwa strange. Lakini usiruke kama panzi. Éléphant ni elephant, si "sléphant". Na mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kwamba kila Dominika anakwenda "sglise". Kanisa kwa Kiingereza ni "church", neno lililoingia huko zamani sana kabla ya mambo ya William.

Huko kwenye Kifaransa kuna mitego pia. Maneno mengine yanafanana kwa sura, lakini kila moja lina roho yake. Kwa Kifaransa "pain" ni mkate. Kwa Kiingereza "pain" ni maumivu. Ukikuta kipakiti cha vidonge kimeandikwa "for pain", usifikiri kwamba vidonge huliwa pamoja na mkate. "Chair" kwa Kifaransa ni mwili au nyama. Kwa Kiingereza ni kiti. "Main" kwa Kifaransa ni mkono. Kwa Kiingereza ni kilicho kikubwa kuliko vingine. "Four" ni tanuru huku, na ni nne kule. "Librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ni nyumba ya kuazima vitabu, na ukitoka nayo kitabu bila ruhusa kwa sababu umekwisha lipa mlangoni, utapata shida. Kwa Kifaransa "demander" ni kuuliza au kuomba kwa adabu. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Mtu aliyeandika barua ya kuomba kazi na kusema "I demand" alishangaa kuona hajibiwi. Mitego hii haizidi mingi. Iandike katika ukurasa wa peke yake na kuitazama mara kwa mara.

Sasa turudi kwenye chupa. Maneno ambayo Kifaransa hakikupi ni yale ya nyumbani na ya kila saa: bread, water, fire, house, hand, eye. Pamoja nayo ni yale madogo yanayofunga sentensi kama kamba zifungavyo kuni: not, only, before, after, until, without, out, keep, take. Kwenye dawa nyingi huandikwa hivi: KEEP OUT OF REACH OF CHILDREN. Hakuna neno hata moja hapo linalofanana na Kifaransa. Maana yake: weka mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Au hivi: SHAKE WELL BEFORE USE, yaani tikisa sana kabla ya kutumia. Mjuzi wa Kifaransa ataona "use", atasema "hutumiwa", atakunywa maji ya juu siku ya kwanza, na dawa yote itabaki chini imeganda.

Wanafunzi wengi hupenda kukusanya maneno marefu. Nafahamu kwa nini: neno refu linapendeza kulisema mbele ya wengine, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Lakini mwalimu Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika kuliko mengine. Yalikuwa 2,000 hivi. Mwenye hayo mkononi huweza kusoma sehemu kubwa ya kitabu chepesi bila kukwama, na mengi yaliyokutwa mara nyingi kuliko yote ni yale mafupi. Anza na hayo. Yale marefu yatakuja yenyewe, tena mengi yako umekwisha yapata kwa Kifaransa.

Lakini neno dogo halishikwi kwa kuandika maana moja mbele yake. Angalia neno letu "piga". Mgeni akiandika katika daftari yake "piga: frapper", atafanya nini akisikia piga picha, piga simu, piga pasi, piga magoti, piga hodi? Atafikiri kwamba sisi ni watu wa kupigana tu. "Take" ni vilevile. Take medicine ni kunywa dawa. Take a photo ni kupiga picha. Take care ni kuangalia, kujitunza. Take off your shoes ni kuvua viatu. Kwa hiyo usiandike "take" peke yake. Andika sentensi nzima, fupi, yenye kitu unachokijua: I take my book. Take off your hat. Neno bila sentensi ni kama mpini bila jembe.

Namna ya kushika ni hii. Shona karatasi chache ziwe daftari ndogo inayoingia mfukoni. Kila siku andika maneno matano, usizidishe. Mbele ya kila neno andika sentensi moja uliyoitunga wewe mwenyewe, juu ya vitu vya kwenu: mto Lualaba, mihogo, baba yako, mbuzi aliyekula daftari la ndugu yako. Kesho yake funika sentensi kwa mkono, tazama neno, jaribu kukumbuka. Usifunue mpaka umejaribu kweli. Rudia tena baada ya siku tatu, na tena baada ya juma.

Kwa nini kurudia kwa kuacha nafasi? Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe. Alijifunza silabi zisizo na maana yoyote, halafu akajiuliza amesahau kiasi gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba sehemu kubwa hupotea upesi, saa za kwanza na siku ya kwanza. Kinachobaki baada ya hapo hupotea polepole. Maji humwagika zaidi mtu anapojitwika ndoo kuliko akiwa njiani. Kwa hiyo kurudia kwa siku ya pili ndiko kunakookoa mengi. Anayeandika maneno 100 siku ya Jumamosi, akayaacha mpaka mtihani, amechota maji kwa kikapu.

Fanya hesabu. Maneno matano kwa siku, siku tano kwa juma, ni 25. Siku ya sita ni ya kurudia. Kwa majuma 80 utakuwa na 2,000. Hayo ni kama miaka miwili na kitu ya shule. Hakuna haja ya kitabu cha bei. Karatasi za maboksi ya dawa, mifuko ya mbegu, maandiko ya kwenye betri na vipuri vya pikipiki, hivyo vyote ni vitabu vya bure, na maneno yake ni yale watu wanayoyahitaji.

Hapo Kabambare Kiingereza si kitu cha jana. Katika mwaka 1870 David Livingstone, mhubiri wa Kiprotestanti na mganga, alikaa hapo miezi mingi na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mimea ya huko. Wino ule ulififia hata usisomeke. Miaka 140 baadaye wataalamu waliyapiga picha magazeti hayo kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakaonekana tena.

Wengi wa wafuasi wake walikuwa wamemwacha. Waliobaki walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Nataka kusema juu ya Chuma. Alikuwa Myao. Akiwa mtoto, katika mwaka 1861, alitolewa katika msafara wa watumwa. Mwaka 1864 alipelekwa Bombay, akaingizwa shule, lakini hakukaa huko miaka miwili. Mwanzoni mwa 1866 alikuwa amerudi Afrika, na tangu hapo shule yake ilikuwa safari. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwaka 1873, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, na mapadri wa Roho Mtakatifu waliupokea katika misioni yao. Mwaka 1874 wawili hao walikwenda Uingereza. Huko rafiki wa Livingstone, Horace Waller, alikuwa anatengeneza daftari za marehemu ziwe kitabu. Mito, vijiji na machifu wa Maniema yeye hakuwajua. Chuma na Susi waliketi naye wakamweleza: huku tulipita, huyu alitupokea, pale tulilala. Kwa kazi ya namna hiyo mtu hawezi kuruka "kabla", "baada" na "si".

Baadaye, mwaka 1879, Chuma aliongoza msafara wa Waingereza kwenda maziwa makuu. Mkubwa wa msafara alikufa njiani, akabaki kijana Joseph Thomson mwenye miaka 21, na Chuma mbele yake. Walifika na wakarudi. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882.

Maulizo

1. Mvulana aliruka maneno gani mawili kwenye chupa? Maana yake nini?
2. Kwa nini Waingereza wana jina moja la ng'ombe hai na jina jingine la nyama yake?
3. Geuza kwa Kiingereza: qualité, bête, éponge, procession. Lipi halikubadilika?
4. Tafuta nyumbani boksi au mfuko wenye maandiko ya Kiingereza. Andika maneno yake katika daftari, weka mstari chini ya yale madogo, na uyalete darasani Jumatatu.